Nani Anafagia Mji Uliopotea?

Filamu ya kwanza kuniambia kwamba kuna miji iliyopotea niliiona nikiwa nimekaa hatua chache kutoka mji ambao watalii hulipa kiingilio kuuona kwa sababu, ati, ulipotea. Ilikuwa kwenye kibanda cha video pale Gede: mabati juu, mabati kando, mabenchi ya watu wanne yakibeba watoto saba. Kiingilio shilingi kumi. Filamu ilikuwa King Solomon's Mines, ile ya 1985, Richard Chamberlain akiwa Allan Quatermain na Sharon Stone akiwa binti anayemtafuta babake. Mwenye kibanda alikuwa mjomba wangu. Kwa kuwa Kiingereza kilikuwa bado kinatupiga chenga, yeye ndiye aliyetutafsiria, amesimama kando ya televisheni na kijiti mkononi kama mwalimu wa jiografia.

Kuna mahali Quatermain na huyo binti wanatiwa kwenye chungu kikubwa kama tangi la maji, pamoja na mboga, ili wapikwe na kuliwa na Waafrika. Tulicheka mpaka mtoto mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Mjomba hakutafsiri pale. Alingoja tumalize kucheka, akasema, "Hao wenye chungu ndio nyinyi. Mnajicheka." Kisha akaendelea na filamu kama vile hajasema kitu.

Tangu siku hiyo nimeziona nyingi za aina hiyo, na niseme mapema: nazipenda. Sitaki kuandika ile makala ambayo mtu aliyesoma semesta nne za historia kisha akaacha anakuja kuwaeleza wenzake kwamba kila walichofurahia utotoni kilikuwa ubeberu. Semesta nne nilisoma, na kuacha niliacha, nitafika huko. Lakini mpaka leo ramani kuukuu ikifunuliwa mezani na taa ikasogezwa karibu, mimi husogea mbele kwenye kiti. Kitu fulani pale kinafanya kazi, na mkosoaji asiyekikubali anadanganya.

Chukua Raiders of the Lost Ark ya 1981. Sehemu bora ya filamu ile, kwangu, si lile jiwe la mviringo linalomkimbiza Indiana Jones. Ni pale anaposhuka peke yake kwenye chumba chenye mfano wa mji wa Tanis sakafuni, anasimamisha fimbo yenye kito, jua linapita kwenye kito na kuangukia jengo moja dogo. Hakuna ngumi, hakuna bunduki. Mtu anasoma tu. Steven Spielberg amefanya kusoma kuwa jambo la kukufanya ushike pumzi. Mimi niliyekuwa nasoma vitabu vya kuazima chini ya taa ya chemli nilijiona pale. Nadhani ndiyo sababu nilijaza "Historia" kwenye fomu ya chuo.

Sasa tazama Tanis yenyewe. Filamu inatuambia mji huo ulimezwa na mchanga mpaka 1936. Ukweli ni kwamba Tanis haikuwa imepotea. Iko Misri, kwenye delta ya mto Nile, na Mfaransa Pierre Montet alikuwa anachimba pale tangu 1929. Mwaka 1939, miaka mitatu tu baada ya tarehe ya kwenye filamu, akafikia makaburi ya wafalme. Mambo yaliyopatikana humo yangetosha filamu tatu. Lakini hadithi ya watu wanaochimba mahali pamoja miaka kumi haiuzi tiketi. Inayouza ni ya mtu anayekuja, anaona na kuondoka.

Ukizitazama filamu hizi kwa pamoja utaona mambo matatu yanajirudia. Kwanza, ramani iko mikononi mwa mtu wa mbali. Pili, mwenyeji ana kazi tatu tu: kubeba, kuonya, au kufa. Tatu, mji ukishaonwa na mgeni, unaanguka. Hili la tatu ndilo linalonishangaza zaidi. Mwaka 1985 machimbo ya Mfalme Sulemani yanaporomoka. Mwaka 1989, katika Indiana Jones and the Last Crusade, hekalu linapasuka. Mwaka 2008, katika Kingdom of the Crystal Skull, mji mzima wa Amazon unasambaratika na kufunikwa na maji. Mji umesimama mamia ya miaka bila shida, mgeni anakaa humo dakika ishirini, kwisha. Na hakuna anayeulizwa.

Hilo hekalu la 1989, kwa nje, ni Petra, Jordan. Petra nayo huitwa mji uliopotea. Lakini ndani ya mapango yake waliishi Wabedui wa Bdoul, wakapika, wakalea watoto na mbuzi, mpaka walipohamishiwa kijiji kipya miaka ya 1980, wakati mahali hapo palipokuwa panaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kamera za Hollywood zilipofika, mapango yalikuwa kimya. Kimya kile, ambacho kwenye filamu tunaambiwa ni cha karne nyingi, kilikuwa cha miaka michache.

Turudi kwa wapagazi, maana hapo ndipo Mjomba alikuwa na mbinu yake. Kila filamu yenye msafara wa wapagazi, Mjomba aliwapa majina. "Huyu wa mbele mwenye sanduku ni Kazungu. Huyu ni Charo, ameoa juzi. Yule wa nyuma ni Katana, hakutaka kuja, ana deni la duka." Basi Charo akiteleza kwenye mwamba na kutumbukia, na lazima mmoja ateleze, kibanda kizima kilipiga kelele, na kuna mtoto alilia kabisa kwa ajili ya mke wa Charo. Mzungu mwenye ramani akisema maneno mawili ya masikitiko na kuendelea na safari, tulimwona hana haya. Sikujua wakati ule kwamba Mjomba alikuwa anafanya uhakiki wa filamu. Nilifikiri filamu yenyewe ina majina hayo.

Nilikuja kugundua nikiwa mtu mzima, nilipoitazama peke yangu, kwenye simu, King Solomon's Mines ya 1950. Hii ndiyo iliyopigwa kwetu hasa: Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, Stewart Granger na Deborah Kerr wakiongoza. Ni filamu nzuri kwa macho, na Oscar ya upigaji picha iliistahili. Haina hata muziki wa okestra. Unasikia ngoma na nyimbo za watu wa huku tu, jambo ambalo studio chache za wakati ule zingethubutu. Na kuna Khiva, msaidizi wa Quatermain, aliyeigizwa na Mkenya anayetajwa kama Kimursi, Mkipsigis. Anatembea kama mtu anayeijua ardhi anayoikanyaga. Kisha, kama ulivyokwisha kubahatisha, anakufa ili Quatermain apone.

Orodha ya waigizaji inasema yote. Granger ana jina na jina la ukoo. Kerr vivyo hivyo. Kimursi ana jina moja na kabila lake. Wapagazi wengine hawana hata hilo moja. Na picha zilizobaki studio haikuzitupa: baadhi zilitumika tena 1959 kwenye filamu nyingine ya MGM, Watusi. Yaani mpagazi aliyelipwa mara moja kupanda mlima mwaka 1950 alipanda tena mwaka 1959 bila kuitwa na bila kulipwa. Nilipokuwa naitazama nilijikuta nangoja sauti ya Mjomba iniambie yule wa nyuma ni nani. Haikuja. Msafara mzima ulipita bila mtu ninayemjua.

Sasa swali ambalo lilinichukua muda kuliuliza: ramani ni ya nini katika filamu hizi? Jibu la haraka ni kuonyesha njia. Lakini ebu fikiri. Khiva anajua kusoma nyayo, anajua maji yako wapi, anajua nani wa kusalimiwa na nani wa kuepukwa. Kama shida ni njia tu, mwongozaji anatosha. Ramani inafanya kazi nyingine. Inamfanya aliyeishika awe mwenye haki ya kufika. Katika riwaya ya Rider Haggard ya 1885, iliyozaa filamu zote hizi, ramani ilichorwa na Mreno mwaka 1590, kwa damu yake mwenyewe, juu ya kipande cha nguo. Damu ya Mreno inakuwa kama muhuri. Waliokuwa wakiishi kule hawakuchora kitu, basi machoni pa hadithi wao ni sehemu ya mandhari, kama twiga.

Sisi wa Pwani ramani za namna hiyo tunazijua bila kwenda sinema. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi: mwenye kudai shamba ukanda wa Pwani aje na madai yake yaandikishwe, na lisilodaiwa likahesabiwa kuwa la Serikali. Wamijikenda wengi hawakuwa na karatasi ya kupeleka. Walikuwa na makaburi ya wazee wao na miti waliyoipanda. Ndivyo watu walivyolala wenyeji wakaamka maskwota.

Hawe, yaani nyanya yangu, ana shamba lenye mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake kabla mama yangu hajazaliwa. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni na karo imekwama, aliamua kuuza kipande. Mnunuzi akaja, akakagua, akapenda. Akauliza hati. Hatuna. Akatoa simu, akanionyesha picha ya ramani aliyoipata mahali fulani. Shamba la hawe lilikuwa kisanduku cheupe chenye namba. Mikorosho haikuwepo. Nyumba haikuwepo. Hawe alisimama pembeni, mkono kiunoni, akauliza, "Mwanangu, huyo anasema sisi tuko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Mnunuzi akaaga, karo haikupatikana, nikarudi nyumbani. Mpaka leo, Indiana Jones akifunua karatasi yake, sehemu moja yangu husogea mbele na sehemu nyingine huuliza, kwenye hiyo karatasi sisi tuko wapi?

Mtu ataniambia, bana, hizi ni filamu za burudani, usizibebeshe mzigo. Sawa. Lakini hadithi hii ilibebeshwa mzigo mzito kabla ya sinema kuwepo. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika Great Zimbabwe. Akakata kipande cha mbao mlangoni, akakilinganisha na kalamu yake ya risasi, akaona vinafanana, akahitimisha kwamba ni mwerezi wa Lebanoni, kwa hiyo waliojenga ni watu wa Malkia wa Sheba. Kalamu ya risasi! Wakaja wengine wakachimba dhahabu ndani ya magofu, na katika kutafuta Wafoinike wakatupa nje udongo wenye vitu vya Waafrika waliojenga. David Randall-MacIver alisema 1905 kwamba ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akathibitisha 1929. Hata hivyo serikali ya walowezi iliendelea kuufinya ukweli huo mpaka mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Garlake akalazimika kuondoka Rhodesia. Hadithi ya mji uliopotea ilikuwa na kazi: kama waliojenga walipotea, basi waliopo hawana cha kudai. Na ile filamu ya 1985 yenye chungu ilipigwa wapi? Zimbabwe, miaka mitano baada ya uhuru, katika nchi iliyochukua jina lake kutoka kwa magofu yale yale.

Je, kuna filamu iliyojaribu kutoka kwenye njia hii? Iko moja inayokaribia, na ndiyo ninayoishauri: The Lost City of Z ya James Gray, 2016. Inamfuata Percy Fawcett, mpimaji ramani Mwingereza aliyetoweka Amazon mwaka 1925 akiwa na mwanawe Jack na rafiki wa Jack. Gray anakataa vishawishi vyote. Hakuna dhahabu, hakuna mtego wa mishale, na mji wenyewe hatuonyeshwi kamwe. Charlie Hunnam anamcheza Fawcett kama mtu anayezidi kuwa mpole kadiri anavyozidi kurukwa na akili. Pale anaposimama mbele ya wakubwa wa Royal Geographical Society na kusema kwamba watu wa msituni walijenga ustaarabu, na ukumbi unamzomea, unaona ni nini hasa kilikuwa kigumu kugunduliwa. Msitu ulikuwa rahisi kupenya kuliko ukumbi ule.

Lakini hata Gray ana lake. Anayemwambia Fawcett kwamba mji upo ni mwongozaji wa kienyeji, mtumwa wa tajiri wa mpira. Anasema alichonacho, kisha filamu inamwacha, haimtafuti tena. Muda wote unaobaki tunahangaika na mtu aliyeambiwa, wakati aliyejua ametoweka bila mtu kuhesabu kutoweka kwake. Mwisho ni mzuri ajabu: mkewe Fawcett anatoka kwenye jengo, na kwenye kioo anaonekana akiingia msituni. Nilinyamaza kwa muda mrefu. Kisha nikajiuliza yule mwongozaji naye ana mke wapi.

Maisha yenyewe yalimaliza hadithi hii vizuri kuliko filamu. Kule Xingu, eneo ambalo Fawcett alipotelea, mwanaakiolojia Michael Heckenberger alifanya kazi na Wakuikuro, wenyeji wa pale, na wakaonyesha barabara pana, mahandaki na viwanja vya miji ya kale. Ripoti yao ya 2003 katika jarida la Science ina majina ya Wakuikuro wawili miongoni mwa waandishi, mmoja wao chifu wao, Afukaka. Wajukuu wa mji walikuwepo wakati wote. Hakuna aliyekuwa amewaomba watie sahihi.

Nimalizie nyumbani, kwa jambo nisilojivunia.

Gede, au Gedi kwenye vitabu, ni mji wa Waswahili wenye misikiti, jumba la mfalme, visima, na kaburi lenye tarehe inayolingana na 1399. James Kirkman alianza kuuchimba 1948 na kukuta vyombo vya kaure kutoka China. Mwaka 2024 uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wareno walikaa Malindi, mwendo mfupi kutoka pale, kwa karibu karne nzima na hawakuutaja kwenye maandishi yao. Kwa hiyo ulipotea, ndio, ulipotea kwenye karatasi ya Mreno. Wagiriama waliokuja kuishi kandokando waliujua vizuri, wakaogopa mizimu yake, wakapita mbali usiku. Huwezi kuogopa mahali usipopajua.

Miaka miwili iliyopita walikuja watu wa filamu kutoka nje kupiga makala fupi kuhusu miji iliyosahaulika. Nilipata kibarua cha kutafsiri na kupanga mambo, shilingi elfu nne kwa siku, na nilizihitaji. Asubuhi ya kwanza walitaka picha ya ua wa jumba la mfalme, bila mtu, mibuyu na kima tu. Lakini palikuwa na mama mmoja anafagia majani. Mkurugenzi akaniambia kwa upole nimwombe atoke kwenye picha, maana anaharibu ile hali ya kusahaulika.

Nilikwenda. Sikubisha hata kidogo. Nikasema, "Mama, samahani, wanaomba usogee kidogo, wanapiga picha."

Akanitazama. Ananijua tangu nikiwa wa kubebwa. "Wanapiga picha ya nini, mwanangu?"

"Ya magofu."

"Na nisipofagia watayaona wapi?"

Kisha akachukua ufagio wake, akaenda kusimama nyuma ya ukuta, akangoja kama dakika arobaini mpaka wakatosheka. Mimi ndiye niliyemwondoa. Si Spielberg, si Haggard. Mimi, mpwa wa mtu aliyempa Charo mke.

Filamu yao ilitoka mwaka jana. Nimeitazama mara tatu. Sauti nzito inasema kwamba huu ni mji ambao dunia iliusahau, msitu ukaumeza, hakuna aliyebaki wa kuukumbuka. Kamera inapita polepole juu ya ua wa jumba, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Mibuyu ipo, kima wapo. Na sakafu ni safi, haina hata jani moja.